Kazi ya Kufunza Mbwa na Elimu ya Kujifunza kwa Wanyama

Katika bandari na viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki, msafiri huweza kumwona mbwa akipita kati ya mizigo, pua chini, mkia ukipunga, na nyuma yake mtu ameshika kamba. Ghafla mbwa husita, hunusa mara mbili tatu mahali pamoja, kisha huketi kitako na kutulia tuli. Habweki wala hakwaruzi. Kwa kitendo hicho kidogo cha kuketi, kontena hufunguliwa, mizigo hushushwa, na huenda mwenye mali akahojiwa kwa saa kadhaa. Watazamaji wengine husema kwamba mbwa huyo ana akili kama za binadamu. Wengine hudai kuwa mbwa wa kutafuta dawa za kulevya huzoeshwa kwanza kuzitumia, na kwamba ndiyo maana huzitafuta kwa bidii. Kauli zote mbili si za kweli. Mbwa yule hatafuti dawa, wala hajui kwamba pembe za ndovu ni haramu. Anautafuta mpira wake wa kuchezea, na kuna mtu aliyetumia miezi kadhaa kumfundisha kwamba njia ya kuupata mpira hupitia katika harufu fulani.

Mtu huyo ndiye mfunza mbwa. Kazi yake haifahamiki sana, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kazi ya kupiga kelele na kushika fimbo. Hali halisi ni kwamba ni kazi ya kisayansi inayotegemea fiziolojia, elimu ya tabia za wanyama na hata hisabati. Tangu mwaka 2014, shirika la African Wildlife Foundation limefunza mbwa na waongozaji wao Usa River, karibu na Arusha, ili kutafuta pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona. Baadhi ya mbwa hao wamefanya kazi Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Kwa hiyo somo hili si la nchi za mbali.

Wala wazo lenyewe si geni katika pwani. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wakiwamo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa zaidi na Waislamu wa mwambao, kwa karne nyingi wametofautisha mbwa wa kuwinda aliyefunzwa na asiyefunzwa. Aliyefunzwa, kwa mujibu wao, ni yule aendaye anapotumwa, asimamaye anapozuiwa, asiyemla mnyama aliyemkamata, na ambaye amefanya hivyo mara kwa mara hata ikajulikana kuwa ni desturi yake, si bahati. Sharti hili la mwisho linastahili kuangaliwa na kila mwanafunzi wa sayansi. Linadai kwamba jaribio lirudiwe kabla ya kutoa hukumu.

Pua ya mbwa

Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu vinavyofanya kazi. Mbwa ana aina 800 hivi. Tofauti kubwa zaidi imo katika muundo wa pua na wingi wa seli za kunusia. Ndani ya pua ya mbwa, hewa inayoingia hugawanyika. Sehemu kubwa huelekea mapafuni, na sehemu ndogo huenda nyuma kabisa, kwenye chumba chenye kuta zilizokunjwakunjwa zilizojaa seli hizo. Mbwa anapotoa hewa, hewa hiyo hutokea kwenye mipasuko iliyo pembeni mwa pua, hivyo haipeperushi harufu iliyoko mbele yake. Akiwa kazini hunusa upesi mno, yapata mara 5 kwa sekunde.

Hapa pana jambo moja ambalo mfunza mbwa wa nchi za joto hana budi kulizingatia. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Hujipoza hasa kwa kuhema, ulimi nje. Lakini mbwa anayehema kwa kinywa hawezi kunusa sawasawa kwa wakati huo huo. Mbwa anayefanya kazi adhuhuri kwenye sakafu ya saruji ya Mombasa au Dar es Salaam, basi, si yule yule aliyefanya kazi alfajiri, hata kama jina na mwili ni ule ule. Waongozaji wazoefu hufanya kazi asubuhi na jioni, kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko ya kivulini na maji. Wakubwa wasioijua fiziolojia hiyo huona kwamba mwongozaji ni mvivu.

Macho ya mbwa nayo yana upungufu wake. Mbwa ana aina mbili tu za seli za kutambua rangi, hivyo huona vema buluu na manjano, lakini nyekundu na kijani humchanganya. Wako watu wanaotupa mpira mwekundu katika majani mabichi na kumwita mbwa mjinga kwa kushindwa kuuona.

Namna wanyama wanavyojifunza

Mwanafiziolojia wa Urusi, Ivan Pavlov, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya usagaji wa chakula. Alipokuwa akipima mate ya mbwa, aliona jambo lililoivuruga kazi yake: mbwa walianza kutoa mate kabla chakula hakijafika, kwa mfano waliposikia hatua za mtu aliyezoea kuwalisha. Pavlov hakulipuuza jambo hilo. Alionyesha kwamba kichocheo chochote kisicho na maana kwa mbwa, kikitangulia chakula mara nyingi, hatimaye chenyewe huleta mate. Kengele ndiyo iliyopata sifa katika vitabu vya shule, lakini maabara ile ilitumia pia metronomu, taa na mguso wa ngozi.

Kujifunza kwa namna ya Pavlov hakumtaki mnyama afanye lolote. Mate humtoka mwenyewe. Namna ya pili ilichunguzwa na Mmarekani Edward Thorndike, ambaye mwaka 1898 alichapisha majaribio yake ya kufungia paka na mbwa katika masanduku yenye komeo. Mnyama alihangaika, akagusa komeo kwa bahati, akatoka na kupata chakula. Thorndike alipima muda wa kutoka kila mara. Muda ulipungua polepole, tena kwa kupandashuka. Haukuanguka ghafla kama ambavyo ungeanguka iwapo mnyama angekuwa ameng'amua siri ya komeo. Akahitimisha kwamba kitendo kinachofuatwa na matokeo mema hukazwa, na kinachofuatwa na matokeo mabaya hulegea.

B. F. Skinner aliiendeleza kazi hiyo kuanzia miaka ya 1930. Alionyesha kwamba mnyama anaweza kufundishwa kitendo ambacho hajawahi kukifanya, kwa kutuzwa kila anapokaribia kidogo zaidi lengo. Mbwa anayetakiwa agonge kengele kwa pua hutuzwa kwanza kwa kuitazama tu, kisha kwa kuisogelea, kisha kwa kuigusa. Wanafunzi wake wawili, Keller na Marian Breland, waliacha masomo yao katika Chuo Kikuu cha Minnesota katika miaka ya 1940 wakaanza kufunza wanyama kwa biashara, na kwa njia hiyo wakaitoa elimu ya maabara hadi sokoni.

Mafanikio yao yalitegemea sana kitu kidogo: sauti. Mfunzaji akimwambia mbwa aketi, mbwa akaketi, naye mfunzaji akatumia sekunde mbili kutafuta kipande cha nyama mfukoni, mbwa huwa ameshasimama wakati nyama inapofika. Aliyetuzwa si mbwa aliyeketi, ni mbwa aliyesimama. Makosa mengi ya wanaoanza kazi hii ni ya aina hiyo, nao humlaumu mbwa. Dawa yake ni kutumia sauti fupi, kali na isiyobadilika, kama mlio wa kibati kinachobonyezwa au filimbi, ambayo kwanza huunganishwa na chakula kwa njia ya Pavlov. Baada ya hapo sauti yenyewe hubeba habari kwamba kitendo kilichofanywa sasa hivi ndicho sahihi, na zawadi ifuatayo inaweza kuchelewa kidogo bila madhara. Hivyo namna mbili za kujifunza, ya Pavlov na ya Thorndike, hukutana katika mkono wa mfunzaji mmoja.

Kumfunza mbwa wa kunusa

Kazi huanza kwa kuchagua. Mbwa wa kunusa hachaguliwi kwa ukali wala kwa uzuri wa manyoya, bali kwa wazimu wake wa mchezo. Mfunzaji humwonyesha mpira, huutupa ndani ya kichaka kirefu, kisha humzuia kwa muda. Mbwa anayesahau na kwenda kunusa majani huachwa. Anayelia, kuvuta kamba, na akiachiwa akatafuta dakika nyingi bila kukata tamaa, huyo ndiye anayefaa. Na mara nyingi ndiye yule aliyemshinda mwenye nyumba kwa utundu. Hutazamwa pia kama anaogopa sakafu inayoteleza, ngazi, kelele za mashine au umati wa watu. Hofu hizo mara nyingi zina chanzo utotoni. Katika kitabu chao cha mwaka 1965, Wamarekani John Paul Scott na John Fuller walieleza majaribio ya miaka mingi yaliyoonyesha kwamba umri wa wiki 3 hadi 12 ndio ambao mtoto wa mbwa huzoea binadamu na mazingira kwa urahisi. Mbwa aliyefungiwa bandani katika wiki hizo huwa na kazi ngumu baadaye.

Baada ya kuchaguliwa, mbwa huwekewa makopo kadhaa yanayofanana, na moja tu lina harufu inayotakiwa, tuseme kipande cha pembe ya ndovu. Mara pua yake inapofika kwenye kopo hilo na kusita, sauti hulia na mpira huja. Siku chache tu zinatosha mbwa aanze kulikimbilia kopo lile. Hatua inayofuata ni kumtaka aketi kabla ya kupata mpira. Ishara ya kuketi huchaguliwa kwa sababu nzuri: mbwa wa mabomu akikwaruza anaweza kuleta maafa, na mbwa wa uwanja wa ndege akirukia mizigo ataiharibu, tena atawakera wasafiri ambao kwao mate ya mbwa ni najisi.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa mbwa amejifunza, lakini haijulikani amejifunza nini. Labda amejifunza harufu ya pembe. Labda amejifunza harufu ya mfuko wa plastiki uliohifadhi pembe, au ya glavu, au ya mikono ya mtu aliyelishika kopo hilo peke yake na kuyaacha mengine. Labda ameona kwamba kopo lenye harufu daima huwekwa la tatu. Mbwa hana haja ya kuchagua jibu alilolikusudia mwalimu. Huchagua lile lililo rahisi. Kwa hiyo mfunzaji hodari huweka mfuko ule ule wa plastiki katika makopo matupu, huyashika yote kwa glavu ile ile, hubadili nafasi kwa kura, na katika makopo mengine huweka pembe ya ng'ombe, mfupa, samaki mkavu, kahawa. Mbwa akiketi penye pembe ya ng'ombe hapati kitu. Walimu wa sayansi watatambua mara moja kwamba hayo ni majaribio ya kulinganishia, yale yale yanayosisitizwa katika maabara ya shule.

Tena mbwa hahamishi elimu yake kwa urahisi kama binadamu. Aliyefaulu chumbani huweza kushindwa uwanjani. Aliyezoea gramu chache za kitu huweza kupita bila kuketi penye kilo nyingi za kitu hicho hicho, kwa kuwa wingi huo humnukia tofauti. Basi mafunzo hurudiwa katika maghala, magari, mvua, usiku, juu na chini. Aidha, mbwa hupelekwa kupekua mahali pasipo na kitu kabisa. Mbwa asiyewahi kukuta patupu hudhani kwamba kila msako una mpira mwishoni, na akichoka kungoja ataketi popote.

Kuna tatizo lingine ambalo mtu asiyefanya kazi hii hulifikiri kwa nadra. Bandarini, mbwa anapoketi mbele ya kontena halisi, mwongozaji hajui kama mbwa amepatia. Akimpa mpira, huenda anatuza kosa. Asipompa, huenda anaizima kazi nzuri. Suluhisho limo katika uchunguzi wa Skinner na mwenzake Charles Ferster, waliochapisha mwaka 1957 kitabu kikubwa juu ya ratiba za kutuza. Mnyama anayetuzwa kila mara huacha upesi zawadi zikikoma. Anayetuzwa mara moja moja, bila kujua lini, huendelea kwa muda mrefu. Mbwa hufikishwa polepole kwenye hali hiyo, na wakati wa kazi mwongozaji huficha vipande vyake mwenyewe hapa na pale ili mbwa apate ushindi ulio na hakika.

Kosa lililo upande wa pili wa kamba

Mjini Berlin, mwanzoni mwa karne ya ishirini, mwalimu Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aitwaye Hans aliyesifiwa kwa kujua hesabu. Aliulizwa swali, naye alijibu kwa kupiga ukwato chini idadi inayotakiwa. Von Osten hakuwa tapeli. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alichapisha uchunguzi wake: farasi alipoulizwa na mtu asiyejua jibu, au alipozibwa asimwone muulizaji, alishindwa. Alichokuwa akikisoma Hans ni mwili wa binadamu. Muulizaji huinamisha kichwa kidogo akisubiri, na kukiinua bila kujua ukwato unapofikia idadi sahihi. Ajabu zaidi ni kwamba Pfungst mwenyewe, hata baada ya kuijua siri hiyo, aliona vigumu kujizuia asitoe ishara hizo.

Mbwa ameishi na binadamu kwa muda mrefu kuliko mnyama mwingine yeyote wa kufugwa, na humsoma binadamu kuliko farasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 huko California, waongozaji 18 na mbwa wao waliambiwa wapekue vyumba, na waliarifiwa kwamba karatasi nyekundu huenda zikaonyesha mahali palipo na harufu. Ukweli ni kwamba hapakuwa na dawa wala baruti popote katika vyumba hivyo. Hata hivyo, katika misako iliyo mingi waongozaji waliripoti kwamba mbwa wao wametoa ishara, na ishara nyingi ziliangukia penye karatasi. Pengine mwongozaji hukawia kidogo mahali anapopashuku, pengine hukaza kamba, pengine huona ishara ambayo haikuwapo. Vyovyote iwavyo, mtu aliyekuwa na dhana yake ndani ya nafsi ameipitisha kwa mbwa, na mbwa ameirudisha ikiwa na sura ya ushahidi.

Madhara yake si madogo. Ikiwa ofisa wa forodha anawashuku wafanyabiashara wa kabila au nchi fulani, naye ndiye ashikaye kamba, mbwa anaweza kuwa kioo cha chuki yake, na kila mtu ataamini kwamba mnyama hana upendeleo. Kinga iliyopo ni ile ya majaribio ya gizani: anayeficha kipande hayupo wakati wa msako, na mwongozaji, mwamuzi na watazamaji wote hawajui kilipo, wala kama kipo.

Hisabati nayo ina neno. Ichukuliwe kwamba makontena 1,000 yamepita, na 10 kati yake yana pembe. Mbwa hodari, anayegundua 90 katika kila 100 yenye pembe, ataketi mbele ya 9. Ikiwa hukosea mara 2 tu katika kila makontena 100 yasiyo na pembe, basi katika yale 990 ataketi bure mara 20 hivi. Ameketi mara 29 kwa jumla, na ni 9 tu zilizo za kweli, yaani chini ya theluthi. Makosa yakipunguzwa hadi 5 katika 1,000, mara za bure zitakuwa 5 hivi, na ukweli utapanda hadi 9 kati ya 14. Hivyo kuketi kwa mbwa ni sababu ya kufungua kontena, wala si hukumu juu ya mwenye kontena. Wanafunzi wanaosoma uwezekano katika hisabati watafaidika kuikokotoa hesabu hiyo kwa tarakimu nyingine.

Fimbo na zawadi

Konrad Most, ofisa wa polisi wa Ujerumani, alichapisha mwaka 1910 kitabu cha kufunza mbwa kilichoenea sana katika majeshi na polisi wa nchi nyingi. Alifahamu vizuri umuhimu wa kutoa matokeo kwa wakati wake, lakini alitegemea mno shuruti na maumivu, na desturi hiyo ingali na wafuasi. Katika Afrika Mashariki pia, wengi wanaomwita mfunza mbwa humtaka jambo moja tu: amfanye mbwa wao awe mkali.

Si kweli kwamba adhabu haifundishi. Inafundisha, lakini mara nyingi haifundishi kilichokusudiwa. Mbwa anayepigwa kwa kuja akiwa amechelewa hujifunza asije. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kutonguruma, naye siku akiudhiwa huuma bila kutoa onyo. Na mbwa wa kunusa anayekaripiwa kwa kuketi penye patupu ataanza kusita hata penye kitu. Utafiti mmoja wa Ureno, uliochapishwa mwaka 2020, ulifuatia mbwa 92 wa nyumbani waliokuwa wakisoma katika shule za aina mbalimbali. Wale waliofunzwa kwa kushtuliwa na kuvutwa shingo walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi, na homoni ya kortisoli katika mate yao ilipanda zaidi baada ya masomo kuliko ilivyopanda kwa waliofunzwa kwa zawadi. Zaidi ya miaka mia moja baada ya Pavlov, mate ya mbwa yangali yakieleza mengi.

Zawadi nayo ina mipaka yake. Keller na Marian Breland, wakiwa wameshafunza maelfu ya wanyama, waliandika mwaka 1961 juu ya yale yaliyowashinda. Nguruwe waliofunzwa kubeba sarafu za mbao hadi kwenye kisanduku walianza vizuri, kisha wakawa wanaziangusha njiani na kuzifukua kwa pua, ingawa kwa kufanya hivyo walicheleweshewa chakula. Silka ya kufukua iliyaangusha mafunzo. Kwa sababu hiyo mfunzaji mwenye busara hashindani na asili ya mnyama wake. Mbwa wa kuchunga kondoo, wa kufuata nyayo na wa kulinda walitengwa kwa uzazi wa vizazi vingi, na humlipa vizuri yule anayewapa kazi ya ukoo wao.

Wakati mwingine kutotii ndiko kunakofunzwa. Mbwa wa kuongoza vipofu, ambao shule yao ya kwanza kubwa ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, hufundishwa kukataa amri ya kuvuka barabara gari linapokuja. Hii ni miongoni mwa kazi ngumu kabisa za mfunzaji, kwa kuwa mbwa lazima ajue lini amri ya bwana wake inashindwa na hali ya barabara.

Mtu anayefaa na hatari za kazi

Kazi hii huhitaji mtu anayependa kuandika. Kila zoezi huandikwa: saa, joto, upepo, harufu iliyotumika, mara alizopatia mbwa na mara alizokosa. Bila daftari, mfunzaji hukumbuka mafanikio na kusahau makosa. Katika nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu yeyote kujiita mfunza mbwa, kwa hiyo daftari hilo ndilo cheti cha kweli.

Hatari iliyo kubwa ni kichaa cha mbwa. Karibu vifo vyote vya binadamu kutokana na ugonjwa huu hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishatokea, mgonjwa hana tumaini la kupona isipokuwa kwa nadra sana. Mfunzaji hupaswa kuchanjwa kabla ya kuanza kazi, na mbwa wake wachanjwe kwa wakati. Mtu yeyote aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.

Ifahamike pia kwamba elimu hii haiishii kwa mbwa. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, shirika la APOPO limewafunza panya buku kwa njia hiyo hiyo ya mlio na ndizi, ili wagundue mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, Magawa, aligundua mabomu ya ardhini na silaha nyingine zisizolipuka zaidi ya 100 huko Kambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la kutunza wanyama, PDSA. Alikufa mwaka 2022. Panya hana uzito wa kutosha kulipua bomu, wala hamjali sana mtu anayemshika. Jambo hili la pili, kwa yale yaliyoelezwa juu ya farasi Hans, ni faida.

Majaribio kwa darasa

Jaribio la kwanza halihitaji mnyama. Mwanafunzi mmoja atoke nje. Wenzake wachague kitendo rahisi, kama vile kugusa ubao kwa kiwiko. Akirudi, asiambiwe neno. Mwenzake mmoja apige kofi moja kila anapokaribia kitendo hicho. Muda na idadi ya makofi viandikwe. Zoezi lirudiwe kwa mwanafunzi mwingine na kitendo kingine, safari hii kila kofi likichelewa kwa sekunde mbili. Yafanyike marudio yasiyopungua matano kwa kila namna kabla ya kulinganisha wastani.

Jaribio la pili lahitaji makopo sita yaliyofunikwa kwa kitambaa kizito, moja likiwa na punje moja ya karafuu. Mwanafunzi anuse na kuchagua, mara kumi mbele ya mwenzake anayejua lilipo, na mara kumi mbele ya asiyejua. Makopo yapangwe upya kwa kura kila mara, na anayejua akatazwe kusema au kuonyesha lolote.

Maswali

1. Kwa nini muda wa mnyama wa Thorndike kupungua polepole ni hoja dhidi ya kung'amua kwa ghafla?

2. Mbwa ameketi mbele ya makopo 50 yaliyoshikwa na mtu mmoja, na kupatia yote. Buni jaribio la kuonyesha kama anaifuata harufu ya pembe au ya mtu.

3. Ikiwa kati ya makontena 1,000 ni 2 tu yenye pembe, na mbwa ni yule wa mfano wa kwanza, ni sehemu gani ya kuketi kwake itakuwa ya kweli?

4. Katika jaribio la pili, je, mwenzake anayejua alibadilisha matokeo? Eleza alivyofanya, kama yeye mwenyewe hakujua.